Asilimia 61 ya Bure: Somo la Mihogo kwa Anayeomba Uzamivu

Picha 13,158 kati ya 21,397. Hizo ndizo picha za majani yenye ugonjwa wa mozaiki katika data ya mihogo ambayo Maabara ya Akili Unde ya Chuo Kikuu cha Makerere iliitoa kwa shindano la mtandao wa Kaggle mwishoni mwa 2020. Programu isiyojua lolote, inayojibu "mozaiki" kwa kila jani, ingepatia mara 61 katika kila 100. Washindi walifika karibu 91. Kijana wa Bukavu, Kongo, anayetaka kuandika uzamivu chini ya profesa wa fani hii aanze na hesabu hiyo kabla hajauliza masharti.

Wakulima wa Uganda walipiga picha mashambani mwao. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Namulonge, pamoja na maabara, wakazipanga katika mafungu matano: magonjwa manne na mihogo mizima. Ugumu wote umelala hapo. Shina moja laweza kubeba magonjwa mawili, na ugonjwa wa michirizi ya kahawia huweza kuozesha mizizi huku majani yakionyesha dalili hafifu tu. Fungu likikosewa, kompyuta hujifunza kosa hilo barabara, na hakuna hesabu nzito itakayolifuta.

Dkt. Joyce Nakatumba-Nabende, kiongozi katika maabara hiyo, alipata uzamivu wake Eindhoven, Uholanzi, 2013, kwa uchambuzi wa mienendo ya kazi katika mashirika. Majani hayakuwemo. Kilichohamia kwenye mihogo ni ustadi wa kuuliza swali linalopimika, na naamini ndicho profesa anachokitafuta katika barua ya mwombaji.

Karatasi nazo zina mtego wake. Makerere, kama vyuo vingi, hudai shahada ya uzamili. Mkongomani wa mfumo wa zamani ana graduati ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2 juu yake. Wa mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, doktora) ana lisansi ya miaka 3 tu, kisha masta ya miaka 2. Ofisi ya kigeni huweza kuzichanganya lisansi hizo mbili. Mwombaji aambatanishe alama za miaka yote 5, mwaka kwa mwaka.

Swali lenyewe liko karibu. Je, programu iliyofunzwa kwa picha za Uganda inasoma sawasawa mihogo ya Kabare na Walungu, jirani na Bukavu, yenye mbegu na udongo mwingine? Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu, Februari 2025, si kila shamba linafikika, lakini picha mia chache zinatosha kuanzia. Watu wawili waujuao mhogo, wa vituo vya utafiti vya INERA Mulungu au IITA Kalambo, wazipange kila mmoja peke yake. Mwombaji ahesabu wanapokubaliana, ndipo aipime programu kwa picha hizohizo, ugonjwa kwa ugonjwa. Jedwali hilo liwe kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo lake, pamoja na picha ambazo wataalamu wenyewe walitofautiana juu yake.