Debe la Ivan Black

Mpiga debe wa stendi kazi yake iko wazi: anapaza sauti, anataja njia, abiria wanapanda. Ivan Black alilipigia debe jina la klabu moja ya New York, na ustadi wake ulikuwa kwamba msomaji hakumsikia kamwe.

Klabu yenyewe ni Café Society. Barney Josephson aliifungua Desemba 1938 katika chumba cha chini ya ardhi, Sheridan Square, Greenwich Village. Weusi na weupe walikaa meza moja, ilhali Cotton Club ilikuwa imejijengea sifa kwa kuwapandisha weusi jukwaani na kuwauzia weupe viti. Kaulimbiu ilikuwa ya kichokozi: mahali pasipofaa kwa watu wanaofaa. Bawabu alivaa glavu zilizochanika.

Utamu huo ulihitaji kufika magazetini. Enzi hizo watu walisoma safu za kina Walter Winchell na Leonard Lyons, zilizojaa visa vya sentensi mbili tatu. Safu ina njaa isiyoisha, na mwandishi mmoja hawezi kuzunguka kila klabu usiku kucha. Ndipo mtu wa matangazo kama Black anapobisha hodi na kisa mkononi, mara nyingi kisichomhusu hata kidogo mteja wake. Anatoa kimoja bure, anatoa cha pili, cha tatu, ili siku moja cha nne kibebe jina la klabu. Kisa alichompa Lyons hampi Winchell. Akijaribu, milango yote miwili inafungwa. Mimi naiheshimu sana subira hiyo. Ni ya mkulima, ingawa shamba ni la wino.

Kisha kuna kuuandika muziki. Hazel Scott, mpiga piano wa klabu hiyo, mzaliwa wa Trinidad, alianza kipande cha Bach kwa adabu zote, halafu mkono wa kushoto ukaanza kuchezesha. Hicho kinaandikika. Lakini utaitangazaje “Strange Fruit”, wimbo wa watu weusi walionyongwa mitini? Josephson aliagiza wahudumu wasimame, taa zizimwe, ibaki moja usoni mwa Billie Holiday, na akimaliza asirudi jukwaani. Naamini hapo fundi hueleza taa na ukimya tu, akaweka nukta. Sifa moja ikizidi, wimbo unageuka bidhaa.

Mwaka 1947 Leon, ndugu yake Barney, alipogombana na kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti, safu ziligeuka. Mwandishi wa safu Westbrook Pegler aliishambulia familia, wateja wakapungua, na klabu haikudumu.

Makaratasi ya Black yamehifadhiwa katika maktaba ya sanaa za maonyesho ya New York, Lincoln Center. Kwenye magazeti, safu zina majina ya wengine.