Kadi, Bendera na Mji: Mwongozo wa Kupima Thamani ya Kadi za Wachezaji

Mwezi Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakajaa Same, makao ya wilaya, kuipinga kodi iliyojulikana kwa jina la mbiru, ambayo haikutozwa kwa kiwango kimoja bali kwa makadirio ya mali ya kila mtu. Na upinzani huo ulidumu hata serikali ya kikoloni ikalazimika kuiacha kodi hiyo. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, aliyekuwa Mpare mwenyewe, aliyaandika matukio hayo, nami kila niyakumbukapo huona kwamba swali lililowatoa watu majumbani mwao ni lile lile ambalo kila mjuzi wa vitu vya thamani hana budi kuliuliza: huyu akadiriaye, anakadiria kwa kipimo gani?

Swali hilo nalileta leo katika biashara ya kadi za wachezaji, vipande vya karatasi ngumu vyenye upana wa milimita 63 hivi na urefu wa milimita 89, ambavyo Wamarekani na Wakanada wamevikusanya tangu karne ya kumi na tisa, na ambavyo siku hizi huuzwa kwa bei inayoanzia senti chache hata ikafika mamilioni ya dola. Kadi hizo hazitengenezwi kwetu, wala duka la kuziuza sijaliona Same. Lakini ndugu zetu wako ughaibuni, na kadi ni kitu chepesi kinachoingia katika bahasha pamoja na barua na picha za harusi. Kwa hiyo anayeipokea anastahili kujua kwamba bei ya kadi ni jumla ya makadirio mawili: moja la karatasi, ambalo jicho lolote lenye subira laweza kulifanya hapa hapa chini ya Mlima Shengena, na la pili la umati, ambalo halimo ndani ya kadi hata kidogo, bali limo katika bendera ya mchezaji na katika mji wa timu yake.

Tuanze na karatasi. Itoe kadi nje wakati wa asubuhi, jua la Same likiwa halijawa kali, uishike kwa kingo zake bila ya kuugusa uso, kisha uiinamishe polepole mpaka nuru iteleze juu yake kutoka upande mmoja hata wa pili. Maana mkwaruzo usioonekana mbele ya macho hujidhihirisha kwa nuru ya pembeni. Tazama pembe nne, kama ni kali au zimekwisha kulegea na kuota nyuzi nyeupe. Tazama picha imekaa katikati au imeegemea upande, kwa kulinganisha ukingo wa kushoto na wa kulia, wa juu na wa chini. Kadi zenye mipaka ya rangi nzito ndizo zinazofichua haraka zaidi: zile za mpira wa kikapu zilizotolewa na Fleer mwaka 1986, ambazo mpaka wake ni mwekundu, mweupe na wa buluu, huonyesha kila mbanduko kama doa la chokaa juu ya kanga. Tena chukua kioo cha kukuzia. Picha halali ya mtambo imejengwa kwa vitone vilivyopangika, na herufi nyeusi zimejaa wino bila ya kitone. Ukiona herufi nazo zimevunjika kuwa vitone, aghalabu kadi hiyo imenakiliwa kutoka kadi nyingine, nayo ni ghushi.

Lakini ujuzi haukomei kwenye kuichukia mikwaruzo na kuupenda ulaini, na hapa ndipo wengi hukosea. Mwaka 1979 kadi ya kwanza ya Wayne Gretzky, Mkanada ambaye wengi humhesabu kuwa mkubwa kuliko wote katika mpira wa magongo wa barafuni, ilichapishwa na nyumba mbili: Topps ya Marekani, na O-Pee-Chee ya mji wa London katika jimbo la Ontario, Kanada. Picha ni ile ile, na nambari ni ile ile, 18. Hata hivyo kadi ya O-Pee-Chee ilikatwa kwa waya, si kwa kisu kikali, kwa hiyo kingo zake zilitoka na mikwaruzo na nyuzi. Na mgongo wake umeandikwa Kiingereza na Kifaransa, kama ilivyo ada ya nchi ile. Anayejua hufurahi kuuona ukingo huo mkavu usio sawa, kwa kuwa ni shahidi wa asili. Naye huingiwa na wasiwasi mbele ya kadi ya O-Pee-Chee yenye ukingo laini mno, kwani huenda mtu ameipunguza kwa wembe ili kuificha pembe iliyochakaa. Na angalia matokeo yake sokoni: mwaka 2021 nakala moja ya kadi ya O-Pee-Chee iliyopewa daraja la juu kabisa, yaani 10, iliuzwa dola milioni 3.75, ilhali pacha wake wa Topps, japo akiwa na daraja hilo hilo, hafikii hata kuikaribia bei hiyo. Nakala zilizosalimika za Kanada ni adimu zaidi, hilo ni kweli. Lakini fauka ya uadimu, wanunuzi huitaka kadi iliyozaliwa nchini mwa mchezaji. Hapo bendera imekwisha kuingia katika bei.

Juu ya madaraja hayo nitasema machache tu. Zipo nyumba za upimaji, mashuhuri kati yake ni PSA iliyoanzishwa mwaka 1991, ambazo huikagua kadi, huipa namba kuanzia 1 mpaka 10, kisha huifungia ndani ya kifuko kigumu cha plastiki. Namba hiyo ni hukumu ya karatasi peke yake, na gharama ya kuipata, pamoja na ada ya posta ya kwenda na kurudi, yaweza kuipita bei ya kadi yenyewe.

Sasa tuje kwenye taifa. Katika msimu wa 2005 na 2006 vijana wawili waliingia katika ligi kuu ya magongo ya barafuni kwa pamoja, na kadi zao za mwaka wa kwanza zikatolewa katika mkusanyo mmoja wa Upper Deck uitwao Young Guns: Sidney Crosby, Mkanada aliyechezea Pittsburgh, na Alexander Ovechkin, Mrusi aliyechezea Washington. Tuzo ya mchezaji mpya bora wa mwaka ule alipewa Ovechkin. Na tarehe 6 Aprili 2025 Ovechkin huyo huyo alifunga bao la 895, akaivunja rekodi ya mabao ya Gretzky iliyodhaniwa haitavunjwa. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi kadi ya Crosby imekuwa ikiuzwa kwa bei ya juu kuliko ya Ovechkin iliyo na daraja sawa. Crosby ni bingwa wa vikombe vitatu, na mtetezi wake hatakosa hoja. Lakini mimi naona sababu kubwa kuliko vikombe ni kwamba wanunuzi wa kadi za mchezo huo aghalabu ni Wakanada, nao humnunua mtoto wa nyumbani kwanza. Mrusi mwingine, Nikita Kucherov wa Tampa Bay, amepata tuzo ya mchezaji bora mwaka 2019 na vikombe viwili, na kadi yake imekaa chini ya ile ya Auston Matthews, Mmarekani ambaye hajatwaa kombe hata moja, kwa kuwa Matthews anachezea Toronto, mji ambao haujalipata kombe hilo tangu 1967 na ambao mapenzi yake kwa timu yake hayapungui kwa kushindwa.

Hivyo mtu akikuambia kwamba kadi ya mgeni ni rahisi kwa sababu mgeni hana kipaji, usimsadiki. Na akikuambia kwamba bendera huishusha bei siku zote, usimsadiki vile vile. Bendera ina uzito kwa kadiri ya wananchi wake walio na mkoba na desturi ya kununua. Yao Ming wa Shanghai alipochaguliwa wa kwanza na Houston mwaka 2002, ugeni wake haukuishusha kadi yake, kwa maana nyuma yake lilisimama taifa kubwa lenye shauku ya mpira wa kikapu.

Na sisi je? Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita mbili na ushei, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa mwaka 2009, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Wa tatu alikuwa James Harden, na wa saba Stephen Curry, ambaye kadi yake moja ya mwaka ule ilithaminiwa dola milioni 5.9 mwaka 2021. Kadi za Thabeet za mwaka ule ule hupatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Insafu inanilazimu kusema kwamba sababu ya kwanza imo uwanjani: mwezi Februari 2010 alipelekwa ligi ya chini, na hakupata kuwa mchezaji wa kutegemewa. Lakini wapo wengine waliochaguliwa juu wakashindwa, na kadi zao zimehifadhiwa na watu wa miji yao na nchi zao. Thabeet aliangukia Memphis, mji mdogo katika soko lile, na nyuma yake akawa na taifa linalomshangilia kwa moyo wote ambalo halina desturi ya kununua kadi. Alikosa nguzo zote mbili kwa wakati mmoja.

Linganisha na wasemaji wenzetu wa Kiswahili kutoka Kongo. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alichaguliwa wa saba mwaka 2011, akaenda Charlotte. Jonathan Kuminga wa Goma alichaguliwa wa saba mwaka 2021, akaenda Golden State, timu ya Curry, akawa bingwa mwaka 2022 akiwa bado kijana wa miaka 19. Wote ni Wakongo, wote ni wa saba. Biyombo sifa yake ni kuzuia, na wazuiaji hawapendwi na wakusanyaji. Kuminga ni mfungaji, na zaidi ya hayo alivaa jezi inayotazamwa na dunia nzima, hata kadi zake zikagombewa kabla hajacheza dakika za kutosha kuhukumiwa. Nguvu ya mji haionekani wazi zaidi ya hapo. Tena yupo aliyeishinda: Giannis Antetokounmpo, mtoto wa wazazi wa Kinigeria aliyezaliwa Ugiriki, alichezea Milwaukee, mji mdogo, na mwaka 2020 kadi yake moja ikavuka dola milioni 1.8. Ila tazama ilivyombidi kwanza kuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, ambapo wa mji mkubwa hutosheka na ahadi.

Kwa sababu hiyo nakushauri, uipatapo kadi, uitoe hesabu ya karatasi kwanza, uiandike mahali. Ndipo uulize wananchi wa mchezaji huyu ni nani na wananunua wapi, na timu yake ilikuwa ipi siku kadi ilipochapishwa, kwa kuwa mchezaji huhama na jezi iliyo katika picha haihami. Tofauti kati ya hesabu ya kwanza na bei inayotajwa ndiyo sehemu ya umati. Hiyo ni sehemu ya kuuza wakati umati una kelele, si ya kununua.

Utunzaji nao una jambo lake katika nchi yetu. Kadi iliyokaa Chome au Mamba, penye ukungu na unyevu, ikiteremshwa Same, tambarare kavu iliyonyimwa mvua na milima ile ile, hujikunja, hasa zile zilizopakwa utando wa kung'aa upande mmoja, kwa sababu karatasi hupoteza unyevu na utando haupotezi. Usiinyoshe kwa pasi wala kwa kuiwekea jiwe. Itie katika kifuko laini, kisha katika kifuko kigumu, uiweke ndani ya kasha lenye kifuniko mbali na vumbi la barabara kuu, na uiache izoee pole pole.

Kuhusu wakati wa kuuza, ligi zote mbili, ya magongo na ya kikapu, huanza Oktoba na kufikia kilele Juni, na miezi ya mapumziko baada ya Juni ndiyo mibaya kwa muuzaji na mizuri kwa mnunuzi. Kadi ya Thabeet haifuati msimu huo. Mnada wa Marekani hautaiongezea kitu. Basi aliye nayo katika hali njema, pembe kali na uso safi, na aiulizie kwanza kwa Watanzania walioko ughaibuni, na bei aiseme mwenyewe.