Madoadoa, Kwekwe na Hatupangwingwi: Tahakiki ya Orodha ya Maneno ya 2022

Mwezi Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitangaza orodha ya maneno na misemo iliyohesabiwa kuwa ya chuki. Yalikuwamo maneno ya Kiswahili, ya Kiingereza, ya Sheng na ya lugha nyingine za nchi. Wanasiasa na wanasheria waliizungumza sana. Yafaa sisi tulio katika taaluma ya lugha tuichunguze pia, kwa kuwa orodha ya maneno ni kazi ya mtunga kamusi kabla haijawa kazi ya askari. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba orodha hiyo ilikuwa na kusudi jema lakini haikuwa na kipimo. Na kwamba kwa kukosa kipimo, iliwachanganya wanaohitaji kulindwa na wale wanaodai tu haki ya kusema.

Tuanzie Kiogoro, kata ya Nyaribari Chache iliyo jirani na mji wa Kisii, kwa sababu huko neno madoadoa si mfano wa darasani. Ardhi ya Gusii ni njema lakini ni finyu, na watu wake wamezoea kutoka: wengine kwenda mashamba ya chai ya Kericho, wengine Nakuru na Eldoret, wengine Nairobi na Mombasa. Katika mapigano yaliyoanza mwaka 1991, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wengi wa wahamiaji hao walifukuzwa katika Bonde la Ufa. Na mpaka wa Borabu na Sotik, ambao si mbali, ukawa mahali pa moto na mishale. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika machafuko ya 2007 na 2008. Jina walilopewa waliokusudiwa kuondolewa, tangu miaka ile ya mwanzo, lilikuwa madoadoa. Januari 2022 neno hilo lilisikika tena katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret, na seneta aliyelitamka akakamatwa.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Doa ni alama iliyoharibu kitu kilichokuwa safi. Likirudiwa, linakuwa madoadoa, yaani alama ndogondogo zilizotapakaa. Chui ana madoadoa, wala hapana anayemtukana chui kwa kusema hivyo. Ubaya huingia pale mtu anapoitwa kwa jina hilo, kwani papo hapo sarufi nzima ya sentensi hugeuka. Hatusemi tena "watu hawa waondoke", ambapo wao ndio watendao na miguu ni yao. Twasema "madoadoa haya yaondolewe". Kiambishi cha wa- kimetoweka na mahali pake pameshikwa na ya-. Mtu ametolewa katika ngeli ya viumbe na kutiwa katika ngeli ya vitu, na kitenzi kimeingia katika kauli ya kutendwa. Msikilizaji hakuambiwa aue. Ameambiwa asafishe.

Kwekwe hufanya kazi ile ile kwa njia ya mkulima. Kung'oa kwekwe ni wajibu wa kila mwenye shamba, na asiyepalilia huitwa mvivu. Kwa hiyo anayemwita jirani yake kwekwe hamtukani tu; anaigeuza dhuluma kuwa kazi ya heshima. Maneno haya mawili yalistahili kuwamo katika orodha.

Hata hivyo, mtu aweza kutupinga kwa kusema kwamba ngeli peke yake haitoshi kuwa kipimo. Ni kweli. Katika orodha hiyo hiyo umo msemo "watu wa kurusha mawe", na hapo kiambishi cha utu kimebaki. Lakini kuna hila nyingine. Kurusha jiwe ni tendo la mtu fulani, siku fulani, naye aweza kushtakiwa kwalo. Msemo huu unalichukua tendo na kulifanya kuwa asili ya jamii nzima, hata ya mtoto ambaye hajazaliwa. Basi tuna vipimo viwili: je, neno limemtoa mtu katika utu? Na kama halikumtoa, je, limegeuza tendo la mmoja kuwa tabia ya ukoo?

Tukivishika vipimo hivi, twafika kwenye neno hatupangwingwi na tunashangaa limefuata nini humo. Mzizi wake ni panga, katika kauli ya kutendwa na hali ya kukana: hatupangwi, yaani hapana wa kutuamulia. Vijana wa mjini wamerudia silabi ya mwisho kwa mzaha, nalo likawa wimbo na kisha wito wa kampeni. Kama madoadoa, nalo limeundwa kwa kurudia. Lakini tofauti yao ni kubwa. Madoadoa ni jina analopewa mtu na mwingine. Hatupangwingwi lina nafsi ya kwanza ndani yake. Msemaji anajisema mwenyewe, wala hamtaji jirani yeyote. Twaweza kulichukia kwa sababu ya chama kilichoimba. Hiyo si sababu ya kulipiga marufuku. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza na kuutenga na uchochezi wa chuki; kifungu cha 39 kinampa raia haki ya kukaa popote nchini. Orodha iliyoweka neno la ukaidi kando ya neno la ufukuzaji ilidhoofisha vifungu vyote viwili, kwa maana ilifundisha watu kwamba kumlinda mhamiaji ni kumziba mdomo mpinzani.

Kasoro ya pili ni kile kisichotajwa. Kamusi za zamani zilimweleza mhuni kuwa mtu wa kutangatanga, asiye na makao wala kazi. Dar es Salaam ya wakoloni iliwakamata vijana waliotoka bara na kuwarudisha vijijini kwa jina hilo. Leo neno limehama kutoka kwa mhamiaji hadi kwa mwandamanaji. Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, mjini Kisii kama kwingineko, jina la wahuni lilikuwa jepesi kinywani. Kweli, waporaji huwapo, na sheria inawajua. Lakini maandamano yametokana na andama, na kuandamana ni kufuatana, mtu na mwenzake. Tendo ambalo kifungu cha 37 kinaliruhusu kwa amani na bila silaha. Hadi tarehe 1 Julai 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Anayewaita wote wahuni ameshatoa hukumu kabla ya mahakama kuketi. Tahadhari ya maneno inayowatazama walio chini tu, na kuwasahau wenye bunduki na vipaza sauti, ni tahadhari nusu.

Hatupendekezi orodha ndefu zaidi. Twapendekeza vipimo vifundishwe: shuleni, katika vyumba vya habari, na katika vyuo vya polisi. Mwanafunzi wa Kiogoro atavielewa upesi, kwani Ekegusii chake kina omo- na aba- kama Kiswahili kilivyo na m- na wa-. Watu wa kwao hujiita Abanyaribari, na ndugu zao wote Abagusii. Anajua tangu utotoni kwamba jina la watu huanza na aba-. Atakaposikia watu, wawe wake au wa mwingine, wakiitwa kwa kiambishi cha vitu, atambue kwamba haki yao imekwisha kuguswa, ijapokuwa bado hapana nyumba iliyochomwa.