Kitabu na Mkono Ulioandika

Kijana mmoja alinijia na "Mashimo ya Mfalme Sulemani" mkononi, naye amekunja uso. Alikuwa amepata habari za mtungaji wake, H. Rider Haggard, ya kuwa mwaka 1877 ndiye aliyepandisha bendera ya Kiingereza huko Pretoria, nchi ya Transvaal ilipotwaliwa. Akaniuliza, "Mwalimu, je, nimekosa kukipenda kitabu hiki?"

Nikamjibu, Hukukosa. Kuipenda hadithi si kumtakasa aliyeitunga. Zaburi za Daudi twaziimba, wala hatusemi kwamba kifo cha Uria kilikuwa haki. Nathani alimkemea mfalme, lakini hakuzikata nyuzi za kinubi chake.

Walakini wako wasemao: Mtu ni mbali, na kazi yake ni mbali, soma, ufurahi, usiulize neno. Hao nao wamekosa, maana kosa la mtu huweza kuingia katika maandiko yake kama moshi uingiavyo katika uji. Angalia habari za Foulata, msichana aliyemwuguza mmoja wa wale wageni, hata akauawa kwa kisu alipomzuia Gagool asiwafungie pangoni. Katika kitabu cha Kiingereza, kilichotoka mwaka 1885, msimulizi aona kwamba kufa kwake kumeondoa matata, kwa sababu yeye ni mweusi na mpenzi wake ni mweupe. Hapo msomaji na asimame, akatae.

Tena angalia mwisho wake. Ignosi, aliyesafiri nao kama mtumishi, akiisha kuutwaa ufalme wake, akataza nchi yake isiingiwe na wachuuzi wenye bunduki na pombe kali. Hata sisi watu wa sala hakutuacha! Na maneno hayo aliyatunga yule yule aliyepandisha bendera Pretoria. Kama tungalikichoma kitabu kwa kumchukia mtu, tungalimchoma pamoja nacho shahidi wa kumshitaki.

Basi, ndugu msomaji, usiifiche furaha yako, wala usiifiche lawama yako. Palipo pazuri, sema ni pazuri. Palipo na dharau, sema ni dharau, ukamwambie na mtoto anayesoma karibu nawe. Kumhukumu mtungaji ni kazi ya Mungu. Kuyapima maneno yake ni kazi tuliyopewa sisi siku ile tulipofundishwa kusoma.