Mumerudi?

Kuna video moja ya Mombasa ambayo umeshaitazama mara mia, ila waigizaji ndio hubadilika. Wapenzi wawili wanashuka kwenye SGR pale Miritini, miwani ya jua usoni, sanduku la magurudumu nyuma. Picha chini ya pembe za Moi Avenue. Fort Jesus, sekunde nane. Dafu moja, mirija miwili. Machweo. Chakula cha jioni kwenye jahazi, mshumaa katikati ya meza, mkono juu ya mkono. Muziki wa polepole, basi, imeisha. Huko chini watu wanamwaga mioyo na kuwachokoza wapenzi wao: unaona wenzako wanapelekwa wapi?

Mimi naichukulia video hii kwa uzito. Watu wa rika langu tunasoma riwaya chache na kutazama safari nyingi za wengine, kwa hivyo hii ndiyo fasihi yetu ya safari, tupende tusipende. Ina kanuni zake kama tamthilia: kuwasili, kushangaa, kula, kubusiana, kuondoka. Na kazi yoyote yenye kanuni inaweza kuhakikiwa. Kasoro yake siioni kwenye mapozi wala kwenye rangi zilizokolezwa. Kasoro yake ni kwamba inaijua ziara ya kwanza peke yake. Hakuna anayerudi. Mji unaonwa mara moja, mapenzi yanaonwa yakiwa mapya, na kila mtu anabaki mgeni milele.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kama kijembe kwa mgeni asiyejua kuondoka, lakini tuisome vizuri. Haisemi siku ya tatu mfukuze. Inasema mpe kazi. Yaani kuna hadhi nyingine inayomngoja mtu akikaa, na hadhi hiyo ina mzigo wake. Swali langu kwa video zetu zote za wapenzi ni hili: jembe liko wapi?

Mimi na mwenzangu tumeenda Mombasa mara tatu katika miaka mitatu. Si kwamba pesa zimetuzidi. Tiketi ya kawaida ya SGR ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024, kwa hivyo watu wawili, kwenda na kurudi, ni 6,000 kabla mtu hajanusa bahari. Tangu niache chuo naishi kwa kuandika makala, na wanaoandika makala wanajua hela hizo huja zikitaka. Ndiyo maana marafiki huuliza, "Mombasa tena? Si mngeenda hata Zanzibar?" Wanauliza kwa upendo, lakini swali hilo lina nadharia nzima ndani yake: ati mji ukishauona umeshauona, kama bando iliyoisha.

Kabla sijailaumu zaidi, niitendee haki video hiyo. Nairobi mapenzi hulipiwa kwa saa. Mkitaka kukaa pamoja mahali bila mlinzi kuwauliza mnangoja nani, mnanunua kahawa. Kahawa ikiisha, mnaanza kuangaliwa. Wengi wetu tunaishi na wazazi, ama tunagawana chumba na wasee wawili na jiko moja la gesi. Kwa hivyo kinachouzwa kwenye ile video wala si ufuo. Ni siku mbili za kuwa wawili bila mtu kuuliza. Hiyo ni njaa ya kweli, na kazi inayoigusa njaa ya kweli haiwezi kuwa takataka. Inaweza tu kuwa fupi.

Ufupi wenyewe unaonekana kwenye vitu inavyovitumia kama mandhari. Zile pembe za Moi Avenue, kwa mfano, ni za aluminiamu, na ziliwekwa miaka ya 1950 kupamba ziara ya familia ya kifalme ya Uingereza. Kila mwaka tunapanga foleni kupiga picha chini ya pambo la kumpokea mtu mwingine. Fort Jesus nayo ilianza kujengwa mwaka 1593, Wareno wakitumia ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano. Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi 1698, miaka miwili na zaidi, mpaka ikaanguka. Mwaka 1697 meli ya Kireno, Santo António de Tanna, ikaja kuwaokoa waliozingirwa, nayo ikazama papo hapo mbele ya ngome. Vitu vilivyoopolewa kutoka meli hiyo viko ndani ya jumba la makumbusho, umbali wa hatua chache kutoka ule ukuta ambao kila mtu huegemea kwa sababu rangi yake inapatana na ngozi kwenye picha. Na kutoka 1895 hadi 1958 ngome hiyo ilikuwa jela. Zaidi ya miaka sitini.

Sisemi msibusiane pale. Busianeni. Nasema kwamba sekunde nane zinaifanya jela na karatasi ya ukutani kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo kazi inaposhindwa, kwa sababu haijui imesimama wapi.

Ziara yetu ya pili ilikuwa mwezi wa Mei, mvua za masika zikipiga, vyumba vikiwa nafuu kwa sababu hiyo hiyo. Tulikula chakula cha jioni mahali penye vitambaa vyeupe mezani. Bili ilipokuja, tuliitazama wote wawili kama matokeo ya mtihani. Mwenzangu akasema, kwa sauti ya chini sana, "Hii ni mahamri ya mwezi mzima." Tulirudi chumbani kimya, tukalala kimya. Asubuhi tukaenda kula mahamri yenyewe, na mbaazi za nazi, kwenye benchi la mbao lililoegemea ukuta. Mtungi wa maji ulikuwa mmoja kwa wateja wote, na mama aliyekuwa akipakua alituongezea mchuzi bila kuulizwa. Kati ya bakuli la kwanza na la pili tukaanza kuongea: pesa, kodi ya nyumba, kama tunataka kuishi pamoja au tunaogopa tu kuachana.

Hayo ndiyo mazungumzo makubwa zaidi tuliyowahi kuwa nayo, na hakuna video inayoweza kuyabeba, maana kanuni zake hazina nafasi ya watu wawili wanaopendana na waliochoka. Ukitazama za kutosha unaanza kuamini kwamba wiki ya kwanza ndiyo mapenzi, na yanayofuata ni hitilafu ya mitambo. Nimeona marafiki wakiachana kwa sababu tu mambo yalianza kuwa ya kawaida. Siilaumu simu kwa hilo. Lakini hadithi tunazorudia kutazama hutufunza cha kutarajia, na hii inatufunza kutarajia kuwasili pekee.

Hadithi maarufu ya wawili kule Mombasa imeumwa na ugonjwa huo huo. Unamjua Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa Haller Park, akamng'ang'ania kobe mkubwa aitwaye Mzee. Dunia nzima ililia machozi ya furaha. Wachache wanakumbuka kilichofuata: Owen alikua, uzito wake ukawa hatari kwa rafiki yake, wakatenganishwa, naye akawekwa pamoja na kiboko wa kike aitwaye Cleo. Mimi naipenda zaidi hadithi hiyo ikiwa na nusu yake ya pili. Upendo uliokutana na mwili unaokua si wa uongo. Na bustani yenyewe ni somo la kurudi: ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji Bamburi, ardhi tupu ya mawe, mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Majani yalianguka, jongoo wakayatafuna, udongo ukajitengeneza kidogokidogo. Huwezi kupiga video ya hilo kwa wikendi moja.

Sasa najua kuna watakaonijibu: tayari kuna wanaorudi, wanaotengeneza zile video za "Mombasa wasiyokuonyesha", vichochoro vya Mji wa Kale, kijiwe cha viazi karai ambacho watalii hawakijui. Nazitazama pia, na nadhani ni zile zile zilizobadilisha nguo. Zimehama kutoka jahazini hadi kichochoroni, lakini bado zinawinda. Mlango wa nakshi wa nyumba ya mtu umekuwa ukuta mpya wa kuegemea. Kile kijiwe kikishaitwa siri na watu laki moja, yule mama wa viazi karai anapata foleni ya wageni wanaorekodi mikono yake bila kumpa salamu. Huyo ni mgeni wa siku ya kwanza aliyejificha ndani ya ziara ya tano.

Tofauti niliiona ziara ya tatu, Mtaa wa Biashara, kwenye leso. Leso ina sehemu tatu. Pindo ni ule ukingo unaoizunguka. Katikati panaitwa mji. Na chini ya mji huwa kuna maandishi, ambayo huitwa jina. Sisi wa bara kwa kawaida hununua pindo na mji, yaani rangi. Muuzaji aliyetuhudumia hakutuonyesha rangi hata kidogo. Alichomoa moja baada ya nyingine na kutusomea majina, kila jina akisema la kumpa mkwe, la kumpa jirani msengenyaji, la kumpa mtu uliyegombana naye lakini bado mnakaa nyumba moja. Mwenzangu alichagua iliyoandikwa "Wema hauozi", yenye rangi ya kijani ambayo hakuna kati yetu angeitazama mara mbili, akampelekea mamake. Na leso huuzwa mbili pamoja, kwa hivyo moja ilibaki kwetu.

Hiyo ndiyo namna ya kuuhakiki mji: usiishie kwenye pindo. Mji wowote una maandishi, na maandishi hayaonekani mpaka kitambaa kikunjuliwe chote, na kukunjua kunahitaji muda na mtu wa kukusomea.

Jioni hiyo, barazani Mji wa Kale, mzee mmoja muuza kahawa alituinulia mkono. Tulikuwa tumekunywa kwake mwaka uliotangulia, vikombe vile vidogo, chungu bila sukari, na kashata pembeni. Tukamwamkia shikamoo. Akajibu marahaba, akatukagua kutoka juu hadi chini, kisha akauliza, "Mumerudi?" Tukasema tumerudi. "Basi kaeni, kahawa ingali moto." Tulikaa. Akatuuliza hali za wazazi. Akatuuliza kama tumeoana, na tuliposema bado, akacheka kwa namna iliyotufanya tuachiane mikono. Hapo ndipo nililiona jembe. Mara ya kwanza ni wewe unayeuangalia mji. Mara ya tatu mji unakuangalia, na unapaswa kujua kuvaa, kusalimu, kujibu. Ni uzito kidogo. Pia ni mara ya kwanza ambapo mtu mzima asiye wa ukoo wetu alituona wawili sisi na kutuuliza swali kama watu wenye kesho.

Tulimalizia Mama Ngina, ule ufuo uliokarabatiwa na kutumika kwa sherehe za Mashujaa za 2019. Kama kazi ya usanifu nina manung'uniko: sakafu ya mawe ni nyingi mno. Lakini mibuyu ipo, upepo upo, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu ipo, na meli za makontena hupita karibu hadi unahisi unaweza kuzisalimia. Familia za Mombasa zenyewe huja hapo jioni, mabibi kwa wajukuu, na wapenzi wamekaa katikati yao bila mtu kuwauliza lolote. Viti ni vya bure. Kwa kijana wa Nairobi hilo ndilo kivutio kikuu cha Mombasa: mahali pazuri ambapo unaweza kukaa na mtu wako saa tatu na usidaiwe kitu. Sijaona hata video moja iliyosema hivyo, kwa sababu kukaa tu hakupendezi kwenye skrini.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaotengeneza kazi hizi, na wengine wana jicho zuri kunishinda: rudini. Tengenezeni ya ziara ya nne, mmoja wenu akiwa na mafua, mkijua matatu gani ya kupanda na mama gani wa mbaazi amefunga kwa sababu ya arusi. Acheni bili ionekane. Acheni mtu wa mji aseme sentensi nzima bila muziki juu yake. Mtapoteza watazamaji kiasi. Waliobaki watakuwa wale ambao, kama sisi, wanajaribu kujifunza jinsi ya kukaa.

Sisi tunashuka tena Agosti. Tiketi ni zile zile za kawaida. Jahazi halimo kwenye bajeti. Kahawa imo, na mzee tunampelekea majani ya chai kutoka Kericho, maana tulimuahidi.