Kazi ya Kuuliza Ushauri Ulitoka Wapi

Kagunga ni kijiji cha mwisho upande wa Tanzania kabla ya mpaka wa Burundi, kaskazini mwa hifadhi ya Gombe. Kimebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima iliyosimama nyuma ya nyumba, na ufuko wake ni mwembamba. Mwaka 2015, Pierre Nkurunziza alipotangazwa kugombea muhula wa tatu na mitaa ya Bujumbura ikachafuka, Warundi walimiminika hapo kwa miguu na kwa mitumbwi hadi kijiji cha wavuvi kikabeba makumi ya maelfu ya watu. Walikunywa maji ya ziwa lile lile ambalo kando yake walikosa vyoo. Njia ya kutoka ilikuwa MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ambayo ilitia nanga mbali na ufuko ikisubiri boti ndogo ziwalete abiria. Ilichukua watu wapatao 600 kwa safari, ikawafikisha Kigoma mjini. Wakapumzishwa katika uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kipindupindu kilisafiri nao. Tarehe 22 Mei, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, na wagonjwa wapya mia tatu hadi mia nne kila siku. Mwezi Juni, wimbi kubwa likiwa limekwisha kushuka, chanjo ya kunywa iligawiwa Nyarugusu kwa watu zaidi ya laki moja, kazi iliyofanywa na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na serikali na Shirika la Afya Duniani.

Tukikumbuka siku zile huwa tunawataja wauguzi waliotundika dripu kwenye mahema, mabaharia wa Liemba na wenyeji wa Kagunga waliogawana kidogo walichokuwa nacho. Ni haki yao. Lakini kuna mtu mwingine ambaye hakuwapo ufukweni na ambaye hatajwi, naye ni msomi anayefanya maisha yake yote kuwa swali moja: uamuzi wa kuchanja ulifikiwaje? Kwa nini Nyarugusu na si Kagunga? Kwa nini Juni na si Mei? Nani aliishauri serikali, kwa ushahidi gani, na ni wapi ushahidi ulipoishia mshauri akaanza kukadiria? Kazi hii haina koti jeupe wala maabara. Vifaa vyake ni mihtasari ya vikao, rasimu za kwanza zikilinganishwa na za mwisho, rejista za chanjo, na mahojiano na watu waliokaa mezani. Msomi mzuri wa fani hii huchunguza hata vitenzi: kamati iliposema “inashauri” na iliposema “inaona inafaa kufikiriwa”, nani alitangaza maslahi yake kabla ya kikao kuanza, jambo gani lilikuwamo katika rasimu likatoweka kwenye taarifa. Nadai kwamba hii ni miongoni mwa kazi zenye manufaa makubwa ambazo chuo kikuu kinaweza kuipa nchi, na kwamba bila kazi ya namna hiyo huenda zile dozi za Nyarugusu zisingekuwapo za kugawa.

Ushahidi wa dai hilo uko katika eneo letu hili la Maziwa Makuu. Mwezi Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma, kando ya Ziwa Kivu, ambalo maji yake hushuka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi kwa kuhara. Chanjo ya kunywa ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa, lakini hakuna aliyejua kama inaweza kugawiwa kambini mara mbili kwa watu wale wale bila kuharibu kazi nyingine za kuokoa maisha. Mabishano yalizuka, na yakazaa jaribio la kweli: mwaka 1997, wilayani Adjumani nchini Uganda, wakimbizi kutoka Sudan walichanjwa kabla ya mlipuko wowote ili kupima kama jambo lenyewe linatekelezeka. Lilitekelezeka. Mwaka 2009 ikaja zamu ya Zanzibar, ambako watu wa shehia zilizokuwa zikisumbuliwa na kipindupindu, Unguja na Pemba, walipewa dozi mbili, na ufuatiliaji ukaonyesha kuwa waliochanjwa walipata kinga ya karibu asilimia 79, na hata majirani zao ambao hawakuchanjwa walinufaika. Mwaka 2010 kipindupindu kikaingia Haiti, na washauri wengi wa kimataifa wakasema chanjo ingoje, kwa hoja kwamba dozi zilizokuwapo duniani kote hazikuzidi laki chache. Wapinzani wao wakauliza swali ambalo mchambuzi wa sera huliuliza kila siku: dozi ni chache kwa sababu haziwezi kutengenezwa, au kwa sababu hakuna mshauri aliyewahi kusema ziagizwe? Lilipotazamwa hivyo, uhaba wenyewe ulionekana kuwa matokeo ya ushauri wa nyuma. Mwaka 2013 likaanzishwa ghala la dunia la chanjo ya kipindupindu, likianza na dozi milioni mbili. Miaka miwili baadaye mlipuko ulipotokea Kagunga, palikuwa na mahali pa kuomba.

Zanzibar inastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu kabla ya kampeni ile watafiti wa jamii waliwahoji wananchi kama wangeipokea chanjo ikitolewa bure, na karibu wote wakasema ndiyo. Siku zilipofika, waliokunywa dozi zote mbili walikuwa takriban nusu ya waliokusudiwa. Mtu anayehesabu dozi tu angeandika kwamba watu walikataa. Mtu wa fani hii huiangalia ile nusu nyingine akauliza kituo kilikuwa umbali gani, kilifunguliwa saa ngapi, nani alibaki na watoto, mvuvi aliyekuwa baharini siku ya dozi ya pili alitarajiwa afanye nini. Majibu hayo hayapatikani kwenye chupa ya dawa, na kamati isiyoyapata itaishauri serikali kuongeza matangazo mahali palipohitaji kuongezwa siku.

Chupa yenyewe nayo ina somo lake. Chanjo iliyotumika Zanzibar mwaka 2009 ilitaka ichanganywe na unga maalumu katika kikombe cha maji safi kabla ya kunywewa. Ile iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 ikaingia kwenye ghala la dunia huja katika kichupa cha mililita moja na nusu: unafungua, unamiminiwa mdomoni, basi. Ukiufikiria ufuko wa Kagunga, ambako maji safi ndiyo yaliyokosekana, utaona kwamba tofauti hiyo ndogo inaweza kuamua kama ushauri unatekelezeka au la. Hata hivyo kichupa hakikumaliza maswali. Dozi mbili zilitakiwa kutenganishwa kwa siku 14, na watu wa Kagunga walikuwa wakipakiwa melini kila siku. Aliyekunywa ya kwanza ufukweni angehitaji kutafutwa Nyarugusu kwa ya pili. Kinga huchukua siku kadhaa kujengeka, na chanjo hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Hoja za kungoja watu wafike kambini zilikuwa na uzito. Hoja ya upande wa pili ilikuwa na uzito pia: kila safari ya meli iliwapeleka watu wenye vimelea kusini, na kijiji chenyewe kilibaki na wenyeji wake. Sayansi ya chanjo haikuweza kulimaliza suala hilo peke yake. Palihitajika kupima nani aanze kukingwa na hatari ipi ivumiliwe, na huko ni kuamua kuhusu haki, hata kama kumevikwa nguo za takwimu. Sifa kubwa ya msomi huyu ni kuonyesha mpaka huo ulipo, ili tusimdai mtaalamu wa vimelea jibu ambalo lilipaswa kutoka kwa mwenye dhamana ya kisiasa, na mwanasiasa naye asijifiche nyuma ya neno “wataalamu wamesema”.

Hali hiyo imejirudia. Oktoba 2022, milipuko ilipozidi akiba, chombo kinachosimamia ghala la dunia kilisimamisha utaratibu wa dozi mbili na kutoa moja kwa kila mtu. Utafiti wa Dhaka uliochapishwa mwaka 2016 ulikuwa umeonyesha kuwa dozi moja huwasaidia wakubwa kwa kiasi, lakini haukuona kinga kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo wengi walipata kidogo, na gharama ya uamuzi ikawaelemea zaidi wadogo. Huenda ulikuwa uamuzi sahihi; mimi naelekea kuukubali. Lakini mzazi wa Kigoma ana haki ya kujua kwamba upungufu wa viwanda ndio uliosukuma kanuni ibadilike, na asiambiwe kwamba dozi moja imegundulika kuwa sawa na mbili.

Wapo watakaosema haya ni anasa. Kipindupindu huzuiwa kwa maji na vyoo, nchi ina wauguzi wachache, na fedha ya kumlipa profesa anayesoma mihtasari ingechimba visima. Pingamizi hili ni la kweli katika nusu yake ya kwanza. Hakuna chanjo iliyowahi kujenga choo, na Agosti ya mwaka ule ule wa 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikasambaa katika mikoa mingi ya bara na Zanzibar, kikionyesha deni letu la maji na usafi lilivyo kubwa. Lakini nani anayechunguza kama chanjo inatumiwa kuwa kisingizio cha kuahirisha visima? Ni huyu huyu. Yeye ndiye anayeweza kuuweka ushauri wa mwaka fulani kando ya bajeti ya mwaka uliofuata, akaonyesha kwamba kamati ilipendekeza chanjo pamoja na maji, na kilichotekelezwa ni kimoja.

Wengine husema watawala hawasikilizi, hivyo kuchunguza ushauri ni kupoteza wino. Tanzania yenyewe ina mfano unaopinga. Kuanzia Mei 2020 takwimu za korona ziliacha kutangazwa, na Januari 2021 Rais John Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani. Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia madarakani aliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Said Aboud. Ilipowasilisha taarifa yake Mei 2021 ilipendekeza takwimu zitolewe na chanjo iruhusiwe, na tarehe 28 Julai Rais alichanjwa mbele ya kamera. Sayansi ya chanjo haikubadilika kwa kiasi hicho katika miezi sita. Kilichobadilika ni mlango wa ushauri: nani aliruhusiwa kuingia, na aliyoyasema yakafika wapi. Mfano mwingine ni wa kimya zaidi, nami naupenda kwa sababu ulianzia kwetu. Mwaka 2017, Mwanza, ulianza utafiti wa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 kuhusu dozi za chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Matokeo yake, pamoja na ya Kenya na kwingineko, yalifika mezani kwa washauri wa Shirika la Afya Duniani, ambao mwaka 2022 walikubali kwamba dozi moja inatosha, na mwaka 2024 Tanzania ikaingia katika utaratibu huo. Ushauri husikilizwa wakati mwingine, na tukijua ulisikilizwa kwa sababu gani tunaweza kuusaidia usikilizwe tena.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kuanika mashaka ya wataalamu ni kuwapa silaha wazushi. Sitalipuuza, kwa maana watoto hufa kwa uvumi. Lakini tazama Kenya mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki walipodai kuwa chanjo ya pepopunda iliyolengwa kwa wanawake imetiwa homoni ya kuzuia uzazi. Waliuliza kwa nini wanawake peke yao, na kwa nini wa umri wa kuzaa. Majibu yalikuwapo: mtoto mchanga hupata pepopunda kupitia kitovu, na kinga yake hutoka kwa mama. Mkanusho wa wizara na Shirika la Afya Duniani haukuutuliza mgogoro, ukaendelea hadi kwenye vipimo vya maabara vilivyobishaniwa. Kama sababu za kuchagua kundi lile, pamoja na mashaka yaliyojadiliwa, zingekuwa mikononi mwa mapadri, masheikh na walimu tangu kabla ya sindano ya kwanza, uvumi ungekuta nafasi imekwisha jaa. Mtu akifichwa kasoro ndogo, akija kuigundua mwenyewe, hataamini tena hata jambo kubwa lililo kweli.

Kazi hii ina ugumu wake. Mara nyingi mchunguzi hulipwa na taasisi zile zile anazozichunguza, na vitabu vingi vinavyotajwa katika fani yake vimeandikwa na watu wa London, Amsterdam na Boston. Hiyo ni sababu ya kuongeza wasomi wetu. Mhojaji anayeelewa Kirundi, Kiha na Kiswahili atasikia Kagunga mambo ambayo ripoti ya Kiingereza haikuyabeba. Basi wizara za afya za bara na Zanzibar ziweke wazi mihtasari ya kamati zao za ushauri wa chanjo, majina ya wakimbizi na wagonjwa yakiwa yamefutwa, na vyuo vyetu vifungue nafasi kwa vijana wanaotaka kuisoma. Waliogawa vile vichupa Nyarugusu mwaka 2015, na waliokaa vikaoni kuamua viende wapi, wengi wao bado wako kazini. Waulizwe sasa.