Huria na Hodhi: Uhakiki wa Istilahi Mbili za Uchumi

Waandishi wa Kiswahili walinganishao mifumo ya uchumi wamezoea jozi ya maneno: uchumi huria, ambao bei zake huamuliwa sokoni, na uchumi hodhi, ambao dola ndiyo ipangayo bei na mgao. Jozi hiyo ni nyepesi masikioni, lakini yatoa hukumu kabla ya ushahidi kusikizwa. Huria ni sifa njema. Kuhodhi ni tendo la mtu azuiaye mali ili wengine wasiipate. Msomaji amekwisha kuambiwa nani mwema kabla hajaonyeshwa hesabu yoyote.

Historia ya Tanzania yafichua udhaifu huo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 dola ilishika njia kuu za uchumi, na tangu 1973 Tume ya Bei ilipanga bei za bidhaa nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni na sukari zilikuwa na bei rasmi, ila dukani aghalabu hazikuonekana. Bei hiyo ilikuwa jina lisilo na kitu, na aliyepima hali ya maisha kwayo alipima karatasi. Hapo lawama ya hodhi yastahili. Lakini dola ile ile ndiyo iliyoeneza elimu ya msingi kwa wote kuanzia 1977, jambo ambalo istilahi hiyo hailibebi.

Huria nalo lina kasoro. Kenya, iliyohesabiwa kuwa nchi ya soko, ilidhibiti bei ya mahindi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nchini Tanzania, vizuizi vya biashara vilipolegezwa, wananchi hawakusema huria. Walisema ruksa, na Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza tangu 1985 hadi 1995, wakamwita Mzee Ruksa. Neno lao ni sahihi kuliko la wataalamu, kwa kuwa ruksa hutolewa na mwenye mamlaka, na atoaye aweza kunyima. Kadhalika, aliyeandamwa mwaka 1983 kwa jina la mlanguzi, miaka michache baadaye aliitwa mfanyabiashara. Tendo halikubadilika, lililobadilika ni jina.

Yafaa basi kusema uchumi wa soko na uchumi wa mpango, maneno yatajayo kinachoongoza bei bila kusifu wala kulaani. Ukuaji na hali ya maisha vipimwe kwa kilichomfikia mtu jikoni, shuleni na zahanatini.